Sigare za Kasulo na Mwenye Shimo

Sigare moja ilikuwa imelowa kichwani. Moja tu, katika sanduku zima, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo Kolwezi hata mate hukauka kinywani. Tshiamala aliigeuza mwangani, akaona alama za meno.

"Adèle! Nani aligusa hizi?"

"Nani aguse ile bitu ya kunuka?" mkewe akamjibu kutoka jikoni. "Mi nitafanya nayo nini?"

Basi akaifuta kwa shati, akaenda kuiuza. Ndiyo, aliiuza, na mwenye hoteli akaisifu kwamba haijapata kutokea sigare laini namna ile.

Zilikuwa zile sigara nene za majani matupu wanazopenda wakubwa wa migodi. Zilimfikia kwa treni kutoka Dilolo, naye akizisambaza hotelini. Shida ilikuwa kuzitunza. Sanduku maalumu la kazi hiyo alilisikia tu kwa watu. Alijaribu lile la plastiki la kubebea vinywaji baridi, akatia sponji mbichi ndani: maji yakizidi, ukungu; yakipungua, jani linalia kra! na kupasuka kidoleni. Akajaribu maganda ya viazi. Ukungu tena, na harufu juu yake. Ndipo akakumbuka shimo.

Kasulo, mtaa wao hapo Kolwezi, watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe. Shimo la Tshiamala lilikuwa sebuleni, limefunikwa kwa mbao na mkeka, tangu udongo ulipomfukia mchimbaji mmoja, mpangaji wao, asipatikane hata kiatu. Chini mule hewa ni mbichi mwaka mzima. Tshiamala akafunga sanduku la sigare kwa kamba, akaliteremsha mita saba. Siku ya tatu alipandisha sigare laini kama ncha ya sikio. Akafurahi, maskini, akadhani ni akili zake.

Wiki mbili baada ya ile sigare yenye meno kupanda kutoka shimoni, sebule ilianza kunuka moshi saa sita mchana, na hakuna aliyekuwa akivuta. Chini ya mkeka kukawa na kikohozi. Adèle akasema ni panya. Tangu lini panya akasafisha koo?

Halafu siku moja, baada ya kula bukari, ugali wa kwao, Adèle alijilaza kidogo, na Tshiamala alipoingia chumbani kuchukua kofia alimkuta usingizini, mdomo umefunguka, na kutoka mdomoni mwa mwanamke huyu ambaye hajawahi kushika hata sigara ya kawaida tangu azaliwe, moshi wa buluu ulikuwa ukitoka polepole, ukipanda hadi kwenye mabati, ukakatika, ukatoka tena, na kila alipouvuta ndani kifua chake kilinyanyuka, na kila kilipolala, mtu mwingine chini ya sakafu alishusha pumzi ya kuridhika.

Alikimbia bila kofia hadi kwa Tata Mbayo, mzee aliyekuwa akiwafungulia wachimbaji mashimo kwa pemba, ule udongo mweupe wa matambiko, na maombi.

"Ulitiya tumbaku mu shimo?" Mbayo alinong'ona, akitazama mlango. "Batu banatiyaka mara moja tu, siku ya kufungua, juu ya kuomba ruhusa kwa mwenye shimo, ule anakaa chini. Na hairudie juu. Weye uliipandisha?"

"Kila siku, tata."

"Eee, mama yangu! Unamupa mutu chakula, unamunyang'anya mu kinywa? Na yeye anachukua kwako."

"Nitamurudishia yote."

"Zile batu balisha kuvuta, utazirudisha namna gani?"

Walirudisha zilizobaki. Mbayo alipaka pemba kwenye ukingo, akaomba hadi sauti ikakauka, wakateremsha sanduku. Kabla halijafika chini kamba ililegea. Kuna mtu alilipokea, taratibu, kwa mikono miwili.

"Ondoka na bibi yako," Mbayo akasema. "Leo hii. Mi niliishia hapa."

Wakaenda Mutshatsha kwa dada wa Adèle, kwenye nyumba isiyo na shimo, yenye upepo mkavu wa mashambani. Moshi ukakoma. Tshiamala akamshukuru Mungu siku mbili nzima. Siku ya tatu midomo ya Adèle ilipasuka. Wakampaka mafuta ya mawese, wakamnywesha maji, muuguzi akamtundikia dripu, na yote yakapotea mwilini kama yamemwagwa mchangani. Dada yake alipomshika mkono amgeuze, ngozi ililia kra! na kipande kikabaki kidoleni mwa dada, chepesi, cha kahawia, bila tone la damu.

"Nirudishe, tata," Adèle alinong'ona. "Niko nakauka."

Tshiamala alikataa. Alikataa asubuhi, akakataa mchana akilia, na jioni, alipoona sikio la mkewe limeanza kujikunja, akaenda kutafuta gari.

Kizingitini tu, Kasulo, ngozi ilianza kulainika. Lakini sebule haikutosha. Akachonga ubao wa kukalia kwa mikono yake, akafunga kamba, akamteremsha mke wake mwenyewe shimoni, hatua kwa hatua, akimwambia pole, pole, kana kwamba pole itamsaidia. Asubuhi akimshusha, jioni akimpandisha. Akipanda alikuwa laini, anang'aa, ananuka tumbaku, na kila siku maneno yake yalikuwa machache kuliko jana.

Siku ya kumi na moja kamba ilikuja nyepesi. Ubao mtupu.

"Adèle! Adèle, panda juu, ninakuomba!"

"Usivute tena, tata." Ilikuwa sauti yake kabisa, tulivu, yenye afya. "Kule juu kunakausha batu. Huku tuko muzuri, bien."

Tshiamala alilala kifudifudi ukingoni, machozi yakidondoka mule gizani, wala hakusikia yakifika chini.

"Basi na mi nishuke?"

Kukawa na minong'ono, watu wawili wakishauriana.

"Hapana," ikajibu sauti ya mwanamume, bila haraka. "Weye baki. Nani atatuletea tumbaku?"

Tshiamala alikaa hapo hadi miguu ikafa ganzi. Halafu akafuta uso, akavaa viatu, akaenda kutafuta tumbaku.