Mbeba Machela

Kanda ya video ilitoka kwenye deki ikiwa imelowa. Mayige aliitikisa, matone yakadondoka sakafuni, akainua macho kutafuta tundu kwenye bati, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha Bariadi tangu pamba ivunwe. Akaonja tone moja kwa ncha ya ulimi. Lilikuwa chumvi tupu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kuzunguka vijijini na mizani zao, na kila mwenye akili ya biashara akijaribu bahati yake. Mayige, mtu mzima mwenye mvi, aliuza pamba, akanunua televisheni, deki na jenereta, akafungua chumba cha video upande wa mbele wa nyumba yake. Watu walitaka karate. Kanda hii aliipata Mwanza katika fungu la kanda kuukuu, haina jina, na ndani yake mlikuwa na picha za vita vya zamani, nyeusi na nyeupe, zisizo na sauti. Askari walishuka kwenye maboti, maji yakiwafika kifuani, wakikimbilia ufukweni. Matabibu wa jeshi walipiga magoti mchangani wakifunga majeruhi vidonda. Mateka waliketi safu safu, mikono kichwani, wakitazama chini. Watazamaji walizomea, wakatoka mmoja mmoja.

Aliyebaki ni Bibi Minza, mama yake Mayige, ambaye alikuwa amemletea mwanawe michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisimama na bakuli mkononi. Kwenye kioo, kijana mmoja mweusi alikuwa ameshika mpini wa machela. Kijana yule aligeuka, akamtazama bibi sawasawa, kama mtu aliyesikia akiitwa.

"Luhende," alisema bibi kwa sauti ndogo.

Luhende alikuwa mume wake. Jeshi la Keya la Waingereza lilimchukua wakati wa vita vya Hitla, Minza akiwa bado msichana, na mimba ya Mayige tumboni. Alipewa kazi ya kubeba majeruhi. Baadaye ikaja habari kwamba amepotelea baharini. Hapakuwa na mwili wala kaburi. Shemeji zake walitaka kumrithi, akakataa. Wengine walileta ng'ombe, akawarudisha na ng'ombe wao. Alisema mume wake hajafa, amechelewa tu. Akazeeka akisema hivyo.

Tangu siku ile ya kanda nyumba ilibadilika. Ilikuwa mchana, jua likiwa utosini na mbwa wamelala vivulini, ndipo harufu ilipoingia, harufu ya samaki waliooza na kitu kingine ambacho watu wa Bariadi hawana jina lake. Kisha mvumo, kama upepo unaokuja na kurudi, ingawa jani halikutikisika. Binti yake Mayige, Joyness, ambaye wazee walisema ni Minza mtupu wa ujanani, mwanya kwa mwanya, alianza kusikia mwanamume akimwita kwa jina la bibi yake nyuma ya ukuta, na kila alipoamka usingizi wa mchana alikuta mchanga mweupe kwenye shuka, na nyayo za buti zilizolowa kutoka mlangoni hadi kitandani kwake bila nyayo za kurudi, kisha akawa anakohoa, na kilichotoka kifuani hakikuwa kohozi bali maji ya chumvi, mengi, siku baada ya siku, mpaka akashindwa kusimama. Mayige aliitupa kanda motoni. Ilichemka kama kuni mbichi, na moto ukazimika.

Siku moja bibi alikuwa peke yake uani akichambua choroko alipoona kivuli kimesimama mbele yake, kinachuruzika. Alikuwa Luhende, kijana vilevile, nguo za jeshi zimemgandia mwilini.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa heshima, kama kijana anavyomsalimu mama wa mtu. "Namtafuta mke wangu, Minza. Amelala humo ndani, lakini haniitikii."

Bibi alitaka kusema, ni mimi. Akaitazama mikono yake yenye mishipa, akaificha ndani ya kanga. Alipoinua macho palikuwa na unyevu tu chini.

Mayige alimleta mfumu, mganga wa kike kutoka Mwamapalala aitwaye Nyanjige. Alimkagua Joyness, akaonja maji yale, akatema. Kisha akamwita bibi pembeni. Alisema hawezi kujua kama yule ni mumewe kweli au ni jini la maji lililovaa sura yake. Dawa ni ileile.

"Mwambie Minza alikufa," alinong'ona. "Na mwambie hakumngoja. Akijua alingojewa, hataondoka, na huyu mtoto atazama kitandani. Na usimtajie jina la mtu yeyote aliye hai; atakwenda kumwita, na anayeitika humfuata."

Mayige akaenda Kasoli kununua pamba, maana mganga hakutaka mwanamume nyumbani. Bibi akanyoa nywele zake kama mjane, akaketi kizingitini. Jua lilipofika utosini, harufu ilikuja, kisha mvumo, kisha yeye.

"Minza alikufa," bibi alimwambia. "Yule aliyelala ndani si yeye."

"Lini?"

"Zamani. Hata mvi hakuota."

Maji yalidondoka kutoka vidoleni mwa kijana. "Alinisubiri?"

Bibi Minza alishika fremu ya mlango. "Hapana. Aliolewa na mtu mwenye ng'ombe wengi. Waliishi vizuri."

"Afadhali," kijana alisema. "Nilikuwa naogopa kwamba alibaki peke yake."

Bibi akauma kanga asilie kwa sauti. Kijana aligeuka kuondoka, kisha akasita. Akauliza, taratibu sana, juu ya mimba aliyomwachia. Bibi alikumbuka alivyokatazwa. Lakini ni nani mwingine duniani angemwambia?

"Alizaliwa wa kiume," alisema. "Anaitwa Mayige."

Kijana alilirudia jina lile mara kadhaa kama mtu anayejifunza. Akatoka uani, nyayo zake zikakauka nyuma yake.

Jioni hiyo Joyness aliketi, akaomba uji. Kesho yake Mayige alirudi na baiskeli yake, akakaa karibu na mama yake. Bega moja la shati lake lilikuwa limelowa, mahali mtu angeweka mkono. Hatimaye akasimulia kwamba kijana mmoja wa jeshi alimsimamisha njiani, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Aliniita mwanangu, mayu. Kijana mdogo vile, na mimi na mvi zangu."

"Ukaitika?"

Mayige alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Niliitika. Nilisema, naam, baba. Sijawahi kumwita mtu hivyo."