Karakana Iliyoandikwa Ghala la Rangi

Kila jioni, baada ya kufagia maranda, Kasuku alimsomea baba yake karatasi za siku hiyo. Baba alikuwa fundi seremala hodari, lakini herufi zilimpiga chenga. Jina la utani la Kasuku alimpa yeye, kwa kuwa binti yake hakuacha neno bila kulisoma.

Ila mara moja aliacha. Wakala wa bima alipoleta fomu, Kasuku aliona karakana yao imeandikwa "ghala la rangi". Wenzake walikuwa nje wakimwita wakaruke kamba. "Iko sawa, baba," alisema, akatoka mbio. Baba akatia sahihi.

Ghala la rangi huwaka upesi, kwa hiyo bima yake ni ghali maradufu. Baba alilipa miezi minane kwa kujinyima, wa tisa akashindwa. Mwezi wa kumi karakana iliteketea. Kampuni ikamruka kimanga: hukulipa, huna bima.

Kasuku alivumilia wiki tatu. Mwishowe akaangua kilio. "Baba, niliona. Nilijua si kweli, nikanyamaza."

Baba hakumgombeza; afadhali angemgombeza. Alimshika mkono wakaenda ofisi ya serikali inayosimamia bima. Afisa, mama wa makamo, aliisoma fomu, kisha akafungua jalada nene la malalamiko.

"Mshona viatu, ghala la rangi. Muuza vitabu, ghala la rangi. Hawa watu hawana haya hata chembe!"

Kampuni ilipigwa faini na kuamriwa kumlipa baba fidia, maana alichotozwa zaidi kingelipia miezi aliyoshindwa na kubaki. Lakini mwaka mzima ulipita kabla hundi haijafika. Mwaka huo baba aliumaliza akiwa kibarua wa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akitumwa misumari.

"Wamekoma, baba!" Kasuku alirukaruka hundi ilipofika.

"Hawajakoma, mwanangu. Faini ile kwao ni mapato ya asubuhi moja." Baba aliikunja hundi bila kutabasamu. "Wao waliandika uongo kwa tamaa, wewe ukaupitisha kwa kukimbilia mchezo. Mimi niliumia kotekote. Siku nyingine ukiuona uongo, useme pale pale, kabla mtu hajatia sahihi."

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe siku ile ile uliponiambia. Mwaka wangu tu ndio hakuna wa kunirudishia."