Panya wa Chini ya Kitanda

Kila jioni mama alipotoka kazini alivua viatu mlangoni na kunawa mikono hadi viwikoni, huku Chiriku akimsimulia habari za shule bila kumeza mate. Ndiyo maana binti huyo akaitwa Chiriku: mdomo wake haukujua likizo. Mama alitunza panya katika maabara ya utafiti, na nyumbani kulikuwa na sharti moja: panya asifugwe humo kamwe.

"Siogopi kuambukizwa na panya wa maabara," mama alizoea kusema. "Naogopa kuwapelekea mimi vijidudu vya nyumbani."

Chiriku alilijua sharti hilo fika. Hata hivyo, chini ya kitanda chake, ndani ya boksi la viatu, aliishi Bwana Masharubu, panya mdogo aliyemwokota nyuma ya jiko. Siku moja alimwona anatetemeka, akamfunika kwa kitambaa cha kichwa cha mama. Baadaye akakirudisha kabatini kama kawaida.

Wiki mbili zikapita. Jioni moja mama alirudi, na chakula hakukigusa.

"Kuna nini, mama?"

"Mambo yameharibika, mwanangu."

Mama akamweleza. Panya wote walikuwa wamepewa virusi vya panya ambavyo hujipenyeza ndani ya seli za mwili na kujificha humo. Kundi moja lilipunguziwa seli askari, zile zinazosaka na kuua seli zilizovamiwa. Kundi la pili liliachiwa askari wake wote, ili watafiti waone jinsi askari hao wanavyovidhibiti virusi.

"Sasa hata wenye askari kamili wanadhoofika. Kazi ya mwaka mzima! Mtafiti mkuu anasema kuna uzembe, na anayewashika panya hao ni mimi. Kesho ananiita ofisini. Naweza kufukuzwa."

Chiriku alikwenda chumbani, akalisukuma boksi ndani zaidi chini ya kitanda.

Asubuhi alimkuta mama mbele ya kioo, anafunga kitambaa kile kile kichwani.

"Usikivae!" Chiriku alipiga kelele. Akaingia chini ya kitanda na kuvuta boksi, machozi yakimtoka.

Mama alikaa kitandani taratibu. Hakufoka, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi.

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Nilimfunika kwa kitambaa hicho. Nilidhani hana madhara. Ni mdogo tu."

"Funika boksi. Twende."

Mtafiti mkuu, mzee mwembamba mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alimsikiliza Chiriku hadi mwisho. Mama naye akasema, "Kosa langu pia lipo. Tunatakiwa kuvua kila kitu kabla ya kuingia kwa panya, lakini kitambaa nilikiacha chini ya kofia ya maabara."

Boksi likapelekwa kupimwa. Kwa siku tatu mama alikaa nyumbani akisubiri, na kila simu ilipolia Chiriku aliruka.

Siku ya nne wakaitwa.

"Kijidudu cha panya wako ndicho tulichokikuta kwa panya wetu wanaodhoofika," mtafiti alisema. "Seli askari hazikushindwa. Zilipigana vita viwili kwa wakati mmoja, nasi tulikuwa karibu kuandika kwamba hazifai kitu! Chumba cha panya anaowatunza mama yako tutakianza upya. Chumba cha pili, asichoingia yeye, kimesalimika."

Mama alipewa onyo kali la maandishi, lakini kazi yake ikabaki.

"Na Bwana Masharubu?" Chiriku aliuliza.

Mzee alivua miwani. "Hatarudi, binti yangu. Alikuwa mgonjwa."

Chiriku alilia njia nzima. Karibu na nyumbani mama alimshika mkono.

"Askari wa mwili hawampigi adui mpaka kwanza waonyeshwe kipande chake. Wasipoonyeshwa, wanapita pembeni yake tu. Na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Ulipolificha boksi tulipigana gizani. Ulipolitoa, tukajua pa kuanzia. Ukikosea, mwanangu, nionyeshe mapema, hata kama nitakasirika."

"Utakasirika sana?"

"Sana."

Chiriku akafikiri kidogo, akafuta pua kwa mkono.

"Basi mama... kile kikombe chako cha maua hakikuvunjwa na upepo."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, mama akacheka.