Vyuo Vinne, Somo Moja

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na upepo wa baridi ulipenya chini ya mlango wa jikoni.

Mratibu alikuwa amekwisha kusali. Sasa alikuwa akimimina chai. Mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa chini ya meza akitafuta soksi ya pili. Kwenye kiti cha dirishani alikaa dada mkubwa wa Fundi, akiwa bado na sare ya hospitali. Alikuwa ametoka zamu.

"Wifi," alimwambia Mratibu, "nikuulize sasa au nikuache unywe chai kwanza?"

"Uliza tu. Chai haitanisaidia."

"Masomo ya jioni yatafunguliwa Septemba, au ndiyo basi tena?"

Mratibu aliweka birika chini. Akaanza kupanga vikombe upya.

"Huyo amekwisha kujibu," Fundi alisema kutoka chini ya meza.

Wifi alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka mingi. Alisukuma vitanda, alibadilisha mashuka, alishika mikono ya wagonjwa waliokuwa na hofu. Alitamani kuwa muuguzi. Lakini mchana alikuwa kazini, na hakuna chuo kilichofundisha uuguzi jioni.

Ndipo vyuo vikuu vinne vilipoungana. Kimoja kilikuwa na walimu wazuri. Kingine kilikuwa na maabara. Cha tatu kilikuwa na hospitali yake, na cha nne kilijua mambo ya kompyuta. Peke yake, hakuna kilichoweza. Kwa pamoja vingeanzisha kozi moja ya jioni. Mratibu aliajiriwa aiongoze kazi hiyo.

Hospitali ya Wifi ilikubali kumpa ruhusa ya jioni kuanzia Septemba. Ila muuguzi mkuu alisema wazi: ruhusa ni ya mtu mmoja, na ina mwisho wa umri.

"Mwakani nitakuwa nimepita umri huo," Wifi alisema. "Wewe una Septemba nyingi, wifi yangu. Mimi nina hii moja."

Mratibu alivaa koti, akatoka kwenye manyunyu. Njia nzima aliomba kimoyomoyo, "Ee Mungu, nionyeshe mlango."

Siku hiyo wakuu wa vyuo vinne walikutana. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, kwenye meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Profesa Muhuri. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kwake jambo lisilogongwa muhuri wa vyuo vyote vinne lilikuwa halijazaliwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa aibu. Kozi ikiharibika, alisema, majina manne yatachafuka kwa siku moja.

Kazi ilikuwa imegawanywa hivi. Chuo cha kwanza kiandike masomo yote ya mwaka mzima. Kikimaliza, cha pili kiandae usajili. Kisha cha tatu kitunge mitihani. Mwisho cha nne kiweke kila kitu kwenye kompyuta. Lakini chuo cha kwanza kilikuwa bado kwenye utangulizi. Kila ukurasa ulipita kamati nne. Kamati moja iliandika "mwanafunzi", nyingine ikafuta ikaandika "mwanachuo", ya tatu ikarudisha "mwanafunzi". Mwaka ulikuwa umekwenda hivyo.

"Niulize jambo moja," Mratibu alisema. "Mpaka leo, nini kiko tayari?"

"Mpango uko tayari," alijibu Profesa kwa fahari.

"Mwanafunzi akija sasa hivi, atasoma nini?"

Mtu mmoja alifungua chupa ya maji.

Jioni mvua ilikatika. Mratibu alikuwa akianika nguo uani. Upande wa pili wa ukuta mfupi, jirani yake naye alikuwa akianika. Jirani huyo aliongoza kundi la vijana wanaotengeneza programu za simu.

"Leo unalikamua hilo shati kana kwamba limekutukana," Jirani alisema.

Mratibu alicheka kidogo, kisha akamsimulia yote. Jirani alisikiliza huku ameshika pini za nguo.

"Mnapika sufuria kubwa sana, mwenzangu," alisema. "Na mmekatazana kuonja mpaka siku ya karamu. Chumvi ikizidi, mtajua wageni wakishakaa."

"Sasa tufanyeje? Kazi ni kubwa kweli."

"Ikateni. Sisi tunaiita njia hiyo usimamizi wa wepesi. Chagueni kipande kidogo ambacho mtu anaweza kukitumia. Somo moja tu, lakini liwe kamili, kuanzia kujiandikisha mpaka kupata alama. Lifanyeni kwa wiki mbili. Kisha mleteni mwanafunzi wa kweli ajaribu, nyinyi mkitazama. Akikwama, mnarekebisha. Halafu mnachukua kipande kingine."

"Na vyuo vinne? Hao ni mafahali wanne zizi moja."

"Ndiyo maana kila chuo kitoe mtu mmoja, na hao wanne wawe timu moja. Kila asubuhi wakutane dakika kumi na tano, wakiwa wamesimama."

"Kwa nini wasimame?"

"Umewahi kuona profesa akihutubia saa nzima miguu ikimuuma? Kila mtu anajibu mambo matatu tu. Jana nilifanya nini? Leo nafanya nini? Nimekwama wapi? Hilo la mwisho ndilo dawa. Watu wengi hukwama kimya kimya."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Hata mimi," alisema, "siwezi kufungua majokofu kumi ya wateja kumi, nikayafunga yote, halafu ndipo niwashe moja nione kama linapoa."

"Leo umesema neno," mke wake alimjibu. "Sasa njoo uanike."

Usiku ule Mratibu alipiga magoti, akaomba apewe ulimi wa upole na moyo usiotetemeka. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Profesa.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa. "Mama, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Kweli, Profesa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naomba tuuone ufa ungali mdogo."

Mzee aligonga gonga kalamu mezani. "Na kamati?"

"Mambo makubwa yabaki kwa kamati. Ada, vyeti na sheria za mitihani. Mambo madogo, timu ipewe ruhusa kuamua palepale. Tujaribu wiki mbili tu, kwa somo moja. Tukishindwa, turudi kwenye mpango wako."

"Wiki mbili," alisema Profesa. "Na mimi nitakuja kutazama."

Walichagua somo la kunawa mikono na kuzuia maambukizi. Kila chuo kilitoa mtu mmoja. Mratibu alisafisha chumba kilichokuwa stoo, akatundika ubao. Aliugawa sehemu tatu: Inasubiri, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi iliandikwa kwenye kadi yake. Wawili wa vyuo vya mbali walijiunga kwa video, nao walisimama kama wengine.

Siku za kwanza walioneana haya. Kila mmoja alisema, "Kwetu mambo ni mazuri." Siku ya nne mwalimu wa maabara alivunja ukimya.

"Nimekwama," alisema. "Nataka kupiga video ya kunawa mikono. Hatuna kamera. Nimeandika maombi tangu mwaka jana."

"Kamera?" aliuliza mtu wa kompyuta kwenye video. "Sisi tunazo kabatini, zimelala. Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Wote wakacheka. Mchana kamera ilikuwa njiani, na kesho yake kadi ile ilihamia Imekwisha. Tangu hapo neno "nimekwama" halikumtia mtu aibu tena.

Wiki mbili zilipotimia, Mratibu alimwalika Wifi aje kujaribu. Profesa Muhuri alikaa nyuma yake, mikono kifuani. Wifi alitoa simu yake.

"Msinisaidie," aliwaambia. "Nikiwa nyumbani nitakuwa peke yangu."

Alibonyeza. Aliandika jina lake. Kisha akakwama.

"Inataka nambari ya mwanafunzi. Naipata wapi?"

Mtu wa usajili alikohoa. "Unapewa ukishajiandikisha."

"Na nijiandikishe vipi?"

"Unaweka nambari ya mwanafunzi."

Wifi aliitazama simu, akamtazama yeye. "Yaani nianze kuzaliwa mimi, halafu ndiyo mama apate mimba?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akainamia simu ile.

"Ukurasa huo," alisema polepole, "nimeugonga muhuri mimi mwenyewe. Sote wanne tuliugonga."

"Mliusoma, Profesa," Mratibu alisema kwa upole. "Hamkuujaribu."

Ukurasa ulirekebishwa kesho yake. Wifi alijaribu tena, akaingia, akatazama video, akajibu maswali, akapata alama. Alipiga kelele ya furaha kama mtu aliyefunga bao. Yule muuguzi mkuu wa hospitali alipoonyeshwa somo lile kwenye simu, aliwaomba wahudumu wengine nao wajaribu.

Baada ya hapo timu ilikaa kujitazama. Nini kilikwenda vizuri? Nini kilituumiza? Mzunguko ujao wa wiki mbili tubadilishe nini? Hawakutafuta mchawi. Walitafuta njia. Profesa alivipigia simu vyuo vingine yeye mwenyewe. "Tuendelee hivi hivi," alisema.

Kazi haikuwa tambarare. Mzunguko wa somo la dawa ulishindikana, kwa sababu walibeba kadi nyingi kuliko nguvu zao. Mzunguko uliofuata walibeba chache, wakamaliza. Kisha chuo kimoja kikatishia kujitoa, kwa kuwa jina lake liliandikwa la mwisho kwenye ukurasa wa mbele. Siku nzima watu walikasirikiana. Wifi, aliyekuja kujaribu somo, alisikia ugomvi ule.

"Wakubwa zangu," alisema, "mimi nikimpima mgonjwa homa, hataniuliza ni jina la chuo gani lilitangulia. Atauliza kama atapona."

Mwakilishi wa chuo kile aliinamisha uso, akatabasamu. Wakakubaliana majina yazunguke, kila muhula lianze jingine. Hapo hapo waliamua jambo kubwa zaidi. Masomo ya mwaka mzima hayakuhitajika Septemba. Yalihitajika ya wiki za mwanzo tu, yakiwa safi. Mengine yangefuata huku wanafunzi wakisoma na kusema yanayowasumbua. Kitabu kinene cha utangulizi kiliwekwa kando, na hakuna aliyekililia.

Septemba ilifika. Kozi ilifunguliwa.

Jioni ile kumbi nne za vyuo vinne ziliunganishwa kwa skrini kubwa. Wahudumu wa wodi, wafamasia wasaidizi na madereva wa magari ya wagonjwa walijaa viti mpaka wengine wakasimama. Wifi alikaa mstari wa mbele, mgongo wima, machozi yakimtiririka bila aibu. Nyuma kabisa Fundi alikuwa akipiga makofi kuliko wote. "Dada yangu huyo!" alimwambia kila aliyekaa karibu naye. Mratibu alifumba macho kidogo na kusema, "Asante, Mungu wangu. Umeufungua mlango."

Profesa alikaribisha maswali. Kwenye skrini, katika ukumbi wa chuo cha mbali zaidi, dereva mmoja alisimama.

"Samahani, mheshimiwa. Sitaki kuharibu sherehe. Tumeyafungua masomo kwenye simu, na la tatu kwetu halina sauti. Tumekwama."

Wakuu wa vyuo walitazamana. Mratibu alitaka kuinuka, lakini Profesa alikuwa amekwisha kusimama.

"Ahsante kwa kusema," alisema. "Hili haliendi kwenye kamati. Nasema mbele ya vyuo vyote vinne, mbele ya familia zenu, na mbele ya Mungu anayesikia: Ijumaa mtalisikia somo hilo."

Wifi hakuweza kujizuia. "Na lisiposikika, Profesa? Tuko mashahidi hapa!"

"Mashahidi!" kumbi zote nne ziliitikia kwa kicheko na vigelegele.

Mzee aliinua mkono wake wa kulia. "Lisiposikika Ijumaa, Jumamosi nitapanda gari nije hapo kwenye ukumbi wenu, nilifundishe kwa mdomo wangu mwenyewe, na sitaondoka mpaka yule wa kiti cha mwisho aseme ameelewa. Naahidi."