Aliyeandikwa Juu Ndiye Anaanza

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Uko upande wa nani?"

"Niko upande wa wewe kwenda kuoga. Fainali yako ni saa nane na unanuka grisi."

Fundi Kufuli akazima mashine ya kuchonga funguo. Mgane wa mwaka wa sita, shule aliishia darasa la nne, na tangu azike mke hakuna mkubwa aliyempendeza. Daktari mkuu, meneja wa maji, msimamizi wa soko, wote alikuwa na neno lao. Mwanamke aliyesimama mbele ya kibanda chake, mkono kiunoni, ndiye aliyepanga kufunga naye ndoa kwa msajili Ijumaa ile. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la fotokopi. Siku za mashindano alikuwa refa wa ligi ya Ngome, na watu walishasahau jina lake. Refa, basi.

"Leo nasimama ukumbini nasoma daftari langu," Kufuli akasema. "Utanitetea, au utakaa kimya na mabwana zako wa kamati?"

"Soma baada ya fainali."

"Kwa nini baada?"

"Kwa sababu nakuomba."

"Hiyo si sababu."

Ngome ni mchezo wa kadi, na usidhani ni wa watoto. Watu na ndevu zao wanakaa wawili wawili, kila mmoja na kadi zake arobaini alizonunua pakiti kwa pakiti, anajenga ngome yake na kubomoa ya mwenzake. Ubaya wake ni mmoja. Anayeanza anashusha kadi ya Radi kabla mwenzake hajaweka hata ukuta, na hapo mchezo umekwisha, kilichobaki ni kutazamana. Wachezaji walilia miaka miwili: mpeni wa pili kadi moja ya ziada, mambo yakae sawa. Mwenyekiti wa ligi, ambaye ndiye mwenye duka la hizo kadi, na Radi ndiyo watu wanayoigombania dukani kwake, kila siku anajibu kwamba kamati inalishughulikia. Kamati ikisema inashughulikia jambo, wewe lichimbie kaburi.

Na nani anaanza? Aliyeandikwa juu kwenye karatasi ya meza. Ndivyo ilivyokuwa tangu ligi ianze, na hakuna aliyewahi kuuliza majina yanapangwaje.

Kufuli akalipiga daftari kwa kiganja. "Michezo mia mbili na kumi na mbili! Nimesimama nyuma ya meza za watu na penseli mwaka mzima, miguu imevimba. Aliyeanza kashinda mia moja hamsini na tatu. Hiyo ni ligi au ni dhihaka?"

"Najua. Hesabu zako ni za kweli. Ila mwaka huu usisome."

"Unaogopa kunyang'anywa urefa wako."

Refa akalihamishia mkono mwingine shati alilokuja nalo.

"Marehemu angekuomba hivi, ungebisha?"

"Usimtaje."

"Umeona? Yeye alianza, mimi nimekuja wa pili. Na kwako aliyeanza hashindwi."

"Angalau yeye hakuwa kibaraka wa mtu."

Neno likatoka, halikurudi. Refa akaweka shati alilokuwa amempigia pasi juu ya rundo la kufuli mbovu, akaondoka bila kugeuka.

Saa saba na nusu Kufuli akatuma ujumbe: "Nasoma. Ukiona aibu kaa nje."

Jibu likaja papo hapo: "Nakaa ndani. Nataka nikuone unavyojichoma."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Meza ya fainali ilikuwa katikati. Upande mmoja Kufuli na shati lake la pasi, upande wa pili Mpwa, jibaba la miaka thelathini na tano, mtoto wa dada yake Mwenyekiti, bingwa wa miaka miwili mfululizo. Kabla kadi ya kwanza haijashushwa, Kufuli akasimama na daftari, akasoma. Alisoma vibaya, anarukaruka mistari, lakini namba zilisikika.

"Mia moja hamsini na tatu!" akamaliza. "Wakubwa wanajua, na wanatutazama tu tunavyochinjwa!"

Watu wakapiga meza. Wengine wakapiga mbinja. Mwenyekiti, mtu mnene mpole wa sauti, akangoja kelele zipungue.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza."

"Hongera kwa kazi. Sasa nionyeshe, michezo yako mwenyewe umeiandika ukurasa gani?"

Kufuli akafunua. Akafunua tena. Hakuwa na ukurasa huo. Mtu anayecheza ameshika kadi, penseli ataishika kwa mkono upi?

"Basi nikusaidie." Mwenyekiti akatoa karatasi mfukoni, akazipanga mezani moja moja. "Raundi ya kwanza, jina la juu: Fundi Kufuli. Raundi ya pili: Fundi Kufuli. Robo fainali: Fundi Kufuli. Nusu fainali, nani tena? Na hii ya leo hii hapa. Mara tano juu, baba mpenda haki! Hukuona?"

Aliona. Alijiambia kwamba na yeye bahati imemkumbuka.

"Hizi karatasi zinachapwa duka la fotokopi," Mwenyekiti akasema, safari hii kwa sauti ya ukumbi mzima. "Na kule duka la fotokopi anafanya kazi nani?"

Shingo zote zikageukia kiti cha refa. Mmoja huko nyuma akapayuka, "Shemeji, umetuuza!"

Kufuli akamtazama mchumba wake. Uso wake ulikuwa mkavu, hakukana kitu. Hapo ndipo lile neno 'mwaka huu usisome' lilipomwingia sawasawa, kama ufunguo kwenye tundu lake. Meza nne alizotamba nazo, meza nne alizokuwa akisimulia wateja mpaka wanasahau chenji zao, zote alipewa. Maneno yalikuwa tayari ulimini: muulizeni yeye. Miaka sita mdomo ule haukuwahi kukosa wa kumlaumu.

"Ni mimi," akasema.

"Nani?"

"Mimi. Nilimlazimisha. Nilimtishia kwamba nitaivunja ndoa. Mwacheni."

Zomeazomea iliyozuka pale ilitetemesha vioo. Mwenyekiti akatabasamu, akalichukua daftari kwa vidole viwili kama soksi iliyolowa, akalitupa chini ya meza.

"Umefungiwa maisha. Refa, thibitisha tuendelee."

Refa akanyanyuka.

"Anadanganya."

"Kaa chini wewe!" Kufuli akamkaripia.

"Kaa wewe! Jamani, mtu huyu hata kuniambia nimependeza hajui, ataweza kunilazimisha? Niliandika mimi. Yeye hakujua. Akishindwa, wiki nzima ni lawama, serikali, hospitali, kamati, mpaka jua linalaumiwa. Akishinda, anakula, analala, ananiuliza siku yangu ilikuwaje. Nikataka kuolewa na huyo wa pili. Ni kosa langu, nifukuzeni."

Watu wengine wakacheka, wengine wakamtusi. Akatoa simu.

"Ila kabla hamjanifukuza, mjue nilifundishwa na nani. Ujumbe huu ni wa mwaka juzi: 'Mpwa wangu juu, raundi zote. Usiulize.' Mwaka jana: 'Kama kawaida, Mpwa juu.' Wa leo asubuhi: 'Fainali Mpwa juu. Ukikosea, tafuta kazi nyingine.' Nimekosea. Namba ya aliyetuma hii hapa, nani ana simu aipige?"

Simu ishirini zikapigwa kwa pamoja. Mfuko wa koti la Mwenyekiti ukaanza kulia.

Mpwa akasimama polepole.

"Mjomba, uliniambia nina kipaji."

"Kaa chini, mwanangu, tutaongea nyumbani."

"Uliniambia mbele ya mama!"

Akageuza kadi zake kifudifudi, akatoka. Fainali haikuchezwa. Mwenyekiti naye akatokea mlango wa jikoni, koti kichwani, na wanakamati wenzake, ambao jana yake tu walikuwa wanamchekea kila neno, wakaanza kuapa kwamba walikuwa na mashaka naye siku nyingi.

Nje, juani, Kufuli akamfikia Refa kwenye kona ya duka la rangi.

"Nani alikutuma unihurumie?"

"Nani alikutuma ujifanye shujaa?"

"Nilidhani nimeshinda mimi! Unajua raha niliyokuwa nayo? Umeniibia!"

"Nimekuibia. Na wewe umeniita kibaraka siku niliyokataa kutumwa na yule mzee. Tumalizie hapa hapa. Ijumaa usije."

"Siji!"

"Usije!"

Wakaachana, kila mmoja njia yake.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Jumatano ukabandikwa mlangoni mwa ukumbi waraka wa kamati ya muda: mchezaji wa pili atapewa kadi moja ya ziada, na majina yatapangwa kwa kura mbele ya wachezaji. Kufuli alisimama akausoma wote, kidole kinafuata mistari. Hawakumtaja popote. Siku nyingine angelala na hilo kooni. Safari hii akarudi kibandani, akatoa simu.

"Naomba radhi kwa lile neno."

Saa nzima ikapita.

"Na marehemu?"

Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Mteja wa funguo akangoja mpaka akachoka, akaenda zake.

"Marehemu hakuuawa na hospitali kama ninavyosema siku zote. Alisema anaumwa, mimi nikasema tusubiri hali itatulia. Sijawahi kumwambia mtu. Nikiona umekaribia kuniuliza, namweka yeye mbele yako ili unyamaze."

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Hii umeandikiwa na nani?"

"Mwenyewe. Nimefuta mara saba."

"Unalia?"

"Grisi imeingia machoni."

"Mimi nami nilikosa," Refa akasema. "Sitakupendelea tena, uelewe."

"Hata kidogo?"

"Hata chumvi nitakupimia sawa na wageni. Na ukinilaumu mimi kwa makosa ya serikali, nakutoa nje."

"Nikilaumu serikali yenyewe?"

"Hiyo laumu. Ila barazani, na kwa sauti ndogo."

Ijumaa saa nne asubuhi walikaa mbele ya msajili, mashahidi wawili nyuma, feni inazunguka bila upepo. Walikuwa wamegombana tangu getini, kwamba nani amechelewa. Msajili akavaa miwani, akauliza kama yupo yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii.

Kufuli na Refa wakageuka wakatazamana, kila mmoja anangoja kuona kama mwenzake atanyoosha mkono.

"Andika, mheshimiwa," Refa akasema. "Andika upesi, ametulia."