Inspekta Kabadili Shati Saa Ngapi?

Jumamosi ile duka la vyombo vya umeme lilijaa, hapakuwa na pa kutia mguu. Televisheni zote ukutani zilikuwa zikionyesha marudio ya tamthilia ya Inspekta, na wateja walishasahau walichofuata.

“Uongo huo!” sauti ya kike ilipaa. “Katoka nyumbani na shati jeupe, kafika kwenye maiti na la mistari. Kabadili saa ngapi?”

Msemaji alikuwa fundi cherehani, kavaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni sawasawa. Kwenye nguo humdanganyi. Nyuma yake kijana mrefu alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.

“Labda kapitia kwa dobi,” alisema.

“Na muuaji akamsubiri? Muuaji gani mwenye adabu hivyo?”

Walitoka pamoja, pasi aliyoijia fundi ikabaki rafuni. Kijana alisema kazi yake ni kuandikaandika ofisini, naye hakuchimba zaidi. Tangu hapo, kila tamthilia ilipokwisha, simu ya fundi iliita kabla majina ya watengenezaji hayajaanza kupita kwenye kioo.

“Haya, Hakimu wangu, toa hukumu.”

“Nikwambie nini, mpenzi? Anajua jengo limejaa majambazi, anaingia peke yake. Polisi wenzake wamekwenda harusini?”

“Alikuwa na haraka.”

“Haraka haraka haina baraka. Na kumficha mchumba wake kwamba anatishiwa kuuawa, ndiyo mapenzi?”

“Anamlinda.”

“Anamdharau.” Sauti yake ilishuka. “Baba yangu alituficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho. Anayenificha shida zake ananifanya mgeni ndani ya nyumba yangu.”

Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mdogo wake anayeishi naye.

Wiki chache baadaye dada na mdogo mtu walikuwa wamejinyoosha kwenye kochi, wakitazama tamthilia. Mchumba wa Inspekta akasimama mlangoni, machozi yakimlengalenga, akasema: “Unayenificha shida zako unanifanya mgeni ndani ya nyumba yangu.”

“Maneno hayo!” mdogo mtu alipiga makofi. Dada mtu alikuwa amekauka. Simu ikaita kama kawaida yake, lakini safari hii hakuigusa. Aliyasoma majina yote yaliyopita. La mwandishi lilikuwa lile lile lililokuwa likiwaka kwenye simu yake. Alilia kwa uchungu, na simu ikaita mpaka ikachoka.

Kesho yake mchana kijana alitokea kwenye chumba cha ushonaji nyumbani kwa fundi, shati limekunjamana, macho mekundu.

“Karibu, mwandishi,” fundi alisema bila kuinua uso. “Umekuja kuokota mengine?”

“Nimekuja kuomba radhi.”

“Uchungu wangu umeupeleka sebuleni kwa kila mtu.”

“Nimekosa. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu, umeshanichana mbele ya duka zima! Nikawa nawahi kupiga simu usije ukaona jina langu. Kisha nikakupenda, nikaogopa. Neno lako lilinikaa moyoni, nikaliandika bila kukuomba ruhusa.”

“Kumbe ulikuwa unanipigia kwa ajili ya kazi.”

“Ingekuwa kwa ajili ya kazi, Inspekta angekuwa bado mjinga hivi?”

Kicheko kilimtoka fundi bila ruhusa, akakimeza. Hasira ilikuwepo bado. Lakini alimpenda mtu huyu, na ndiyo maana iliuma.

“Mchumba wake atamsamehe?” aliuliza.

“Sijui. Tangu jana nimeshindwa kuandika. Nilitaka nikuulize wewe—”

“Wa kwenye kioo muulize mwenyewe. Mimi niulize yangu.”

Kijana alivua miwani. “Basi nakuuliza wewe. Utanisamehe? Mimi nataka kukuoa, sitaki tena kukuandika.”

Cherehani ilinyamaza. Fundi akamsogezea kigoda kwa mguu.

“Kaa. Anza tangu ulipozaliwa, usiruke kitu. Pasipoingia akilini, unarudia.”

Akaanza. Simulizi ilikuwa bado darasa la pili, anachapwa kwa utoro, pazia la mlango wa ndani lilipotikisika.

“Shemeji,” mdogo mtu aliita, “chai yako sukari vijiko vingapi?”

Kijana alimgeukia fundi, akingoja neno hilo lisahihishwe. Fundi aliinamia mshono wake.

“Mjibu,” alisema. “Si umeulizwa?”