Gego la Mwinjuma

Mwinjuma alikuwa mkwezi wa minazi huko Mtoni. Kila asubuhi alikunywa chai yenye sukari tele, akachukua kamba na panga, akaenda mashambani. Mkewe, Somoe, alibaki nyumbani na binti yao mdogo, Mwajabu, akipika mafuta ya nazi.

Gego moja la Mwinjuma lilikuwa limetoboka siku nyingi. Likimuuma, alilijaza karafuu iliyosagwa. Basi siku moja maumivu yakaisha yenyewe.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Limepona."

Lakini Somoe alimwona mumewe anakonda. Alitafuna upande mmoja tu, na muhogo wa kuchoma alioupenda sasa aliuacha sahanini. Tena kinywa chake kilinuka, ila Somoe aliona haya kumwambia.

Mara homa ikamshika. Walidhani ni malaria, akanywa kwinini. Homa haikushuka. Siku moja alifika katikati ya mnazi, kizunguzungu kikamjia. Akashuka polepole, ameukumbatia mti kwa nguvu zote. Kesho yake shavu lilivimba, na uvimbe ukashuka mpaka chini ya kidevu. Hata uji ukamshinda kumeza.

Somoe alikimbia kwa jirani yake, Yustina, mama wa Kimakonde aliyekuwa mwuguzi hospitalini.

"Shoga, njoo umwangalie Baba Mwajabu. Mie nimeshindwa!"

Yustina alimpapasa Mwinjuma chini ya taya. Akamwambia afungue kinywa. Kilifunguka kidogo tu.

"Malaria haivimbishi taya," alisema. "Tatizo ni jino hili."

"Mbona haliumi tena?" Mwinjuma aliuliza kwa shida.

"Haliumi kwa sababu limekufa, shemeji. Lakini ndani mna usaha, na usaha haukai mahali pamoja. Ukishuka shingoni, utaziba njia ya pumzi. Ukiingia kwenye damu, utaenea mwili mzima. Homa yako imetoka hapo. Twende hospitali sasa hivi."

"Wakiling'oa nitapofuka. Watu wanasema mshipa wa jino umeshikana na jicho."

"Nimeona meno mengi yaking'olewa, sijaona aliyepofuka. Ila aliyechelewa nimemwona. Tulimfunika shuka."

Somoe akajikaza.

"Baba Mwajabu, leo utanisikiliza mie," alisema, akatoka kutafuta gari.

Lori lililobeba nazi liliwafikisha mjini. Daktari alimchoma Mwinjuma sindano ya ganzi, akaling'oa gego. Usaha mwingi ukatoka. Alilazwa, akawa anachomwa sindano za penisilini. Siku uvimbe ulipopungua, aliomba kikombe cha uji, akakimaliza. Somoe alishika kile kikombe kitupu, machozi yakamtoka.

Waliporudi nyumbani, Yustina alikuja kuwajulia hali.

"Nyie mnapiga mswaki lini?" aliuliza.

"Kila asubuhi," Somoe alijibu.

"Na kabla ya kulala?"

"Ah, usiku tunalala tu," Mwinjuma alisema.

"Basi mabaki ya chakula na sukari yanalala nanyi," Yustina alisema. "Vijidudu vinayala, na uchachu vinaoutoa unaozesha meno. Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mfike mpaka kwenye magego ya nyuma. Sukari ipunguzeni. Ufizi ukitoka damu, msiache kuusugua, sugueni taratibu. Damu isipokoma, njooni hospitali. Kinywa ni sehemu ya mwili. Kikiugua, mwili nao unaugua."

Mwinjuma alirudi kazini, mwili umejaa, anakwea bila kuhema. Siku moja asubuhi Somoe alimsimamisha binti yao, Mwajabu, mlangoni penye mwanga, akamkagua meno. Kwenye gego moja akaona kidoa cheusi.

"Vaa viatu, mwanangu. Tunakwenda kwa daktari."

"Kwani mie naumwa, mama?"

"Huumwi. Ndiyo maana nataka twende leo."

Daktari alikuta kidoa kile ni tundu dogo, akalisafisha, akaliziba. Jioni Mwajabu alikuwa uani na wenzake, anaruka kamba.